Usiku wa Kwanza Usiamue Kitu

Wadogo zangu wa Ikwiriri, Kibiti, Utete na Muhoro, na nyinyi wa kule deltani, leo tuzungumze jambo linaloanzia kwenye televisheni na kuishia chumbani kwetu.

Mnalijua lenyewe. Saa za tamthilia zikifika, nyumba yenye king'amuzi inajaa. Mikeka inatandikwa mpaka mlangoni. Shangazi anasuka ukili wake huku macho yako kwenye kioo, mtoto kalala pajani kwa mama yake, na sahani za wali bado hazijatolewa. Kwenye kioo mume kaingia kuoga, simu yake inalia mezani. Mke anaitazama, anaichukua, anasoma. Muziki unapanda. Kabla ya tangazo ameshajua jina la hawara, nyumba anayokaa na pesa aliyotumiwa. Tangazo likiisha, yuko mlangoni kwa yule mwanamke na kisu ndani ya mkoba. Pale mkekani sauti zinapaa: "Mchome! Mchome akome!"

Sisemi msitazame. Tangu enzi za Isidingo pale ITV, mpaka Huba na Jua Kali za Maisha Magic Bongo, na hizi za Kituruki zinazotiwa sauti za Kiswahili kwenye Azam TV, tamthilia zimetupa nafasi ya kuzungumza mambo ambayo zamani binti aliyazungumza na somo wake tu, tena mlango umefungwa. Dada anayeogopa kusema "mume wangu ananisaliti" anaweza kusema "yule mume wa kwenye tamthilia hana utu kabisa," na sisi tunaomjua tukaelewa anatuambia nini. Hilo ni jema na silidharau hata kidogo.

Ninachotaka mkione ni hiki. Tamthilia ina dakika chache, kwa hiyo inaondoa kitu ambacho katika maisha ndicho kinachookoa watu. Inaondoa muda. Kugundua na kulipiza kisasi vinabanwa pamoja. Usiku haupiti. Hakuna mama mkubwa anayekuja kukaa na aliyeumizwa mpaka kunakucha, hakuna siku ya tatu ambayo machozi yamekauka na mtu anaanza kuona njaa. Mwandishi wa mchezo akiziweka siku hizo, watazamaji watahama stesheni. Wewe siku hizo unazo, mdogo wangu, na ni mali yako. Usikubali kunyang'anywa.

Uliwahi kuwepo mchezo ambao haukuogopa kwenda polepole. Julai 1993, wakati Tanzania Bara haijapata kituo cha televisheni, Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati. Ulimhusu Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani. Huku kwetu hadithi hiyo haikuhitaji maelezo. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari ya kusini yalivushwa kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikikaza madereva walilala na kuamka wakisubiri. Kila mtu alikuwa na Mkwaju wake anayemfahamu.

Tunu alifanya nini? Alimwacha Mkwaju, akaanzisha biashara yake ndogo. Mkwaju akapata Ukimwi, akafa. Mchezo ulirushwa mara mbili kwa wiki kwa miaka, hivyo msikilizaji alipata nafasi ya kumsikia mwanamke akipima mambo kabla ya kuamua. Waandaaji walifuata mtindo wa Miguel Sabido wa Mexico, ambao unataka hadithi iwe na watu wa aina tatu: mwema, mbaya, na wa katikati ambaye anayumba, anajifunza, mwisho anachagua. Dodoma hawakurushiwa mchezo huo mpaka 1995, ili watafiti wawalinganishe na mikoa mingine, na ilionekana kwamba waliousikiliza walipunguza wapenzi na kutumia kinga zaidi. Watu walijifunza kwa yule wa katikati, kwa sababu ndiye aliyefanana nao.

Basi ukikaa kutazama tamthilia yako leo, mtafute huyo wa katikati. Ana dada anayemshauri? Alipata nafasi ya kulala hata usiku mmoja? Ukiona hadithi haina mtu kama huyo, burudika nayo, lakini usiichukue kuwa ushauri.

Nasema hivi kwa sababu damu hii haiishii kwenye kioo. Usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, Steven Kanumba, mwigizaji ambaye filamu zake zilichezwa kila mtaa, alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, baada ya ugomvi wa chumbani na msanii mwenzake Elizabeth Michael, tunayemwita Lulu. Ugomvi ulianzia kwenye simu. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia Lulu hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumpa kifungo cha miaka 2. Mtu aliyekwisha kutumikia adhabu yake simhukumu tena. Ninawaomba mpime tu: simu moja, dakika chache za wivu, kisha miaka mitano ya kesi, mama kamzika mwanawe, na binti aliyekuwa hajafikisha hata miaka kumi na minane anabeba jambo hilo maisha yake yote.

Mei 2022 huko Mwanza mume alimpiga risasi mkewe akamuua, na baada ya siku chache mwili wake yeye mwenyewe ukaopolewa Ziwa Victoria. Hapo pia tamthilia inatupotosha. Mara nyingi inatuonyesha mke akimwendea hawara na kisu. Maisha ni mabaya zaidi ya hivyo. Umoja wa Mataifa unaeleza kwamba zaidi ya nusu ya wanawake na wasichana wanaouawa kwa makusudi duniani wanauawa na wapenzi wao au watu wa familia zao. Hatari kubwa kwa mwanamke huwa tayari iko ndani ya nyumba, ina ufunguo wa mlango.

Mwigizaji aliyechomwa kisu ananawa, mwakani tunamwona kwenye mchezo mwingine. Hapa Rufiji kifo kinaandikwa. Tangu 1998 watafiti wa afya wenye kituo chao hapa Ikwiriri wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuandika nani kazaliwa na nani kafa, na wafiwa wanaketi kueleza marehemu wao alikufaje. Nikifikiria mtoto wa kidato cha pili akijibu swali hilo kuhusu mama yake, na jibu likiwa ni jina la baba, nakosa nguvu. Ndiyo maana nawaandikia haya yote.

Sasa tuje kwenye swali mnaloniuliza kwa sura nyingi: "Dada, nimekuta ujumbe kwenye simu ya mume wangu. Nifanye nini?"

Usiku wa kwanza usiamue kitu. Rudisha simu mahali pake. Usimwamshe, usimpigie yule mwanamke, usiweke maneno kwenye status. Toka humo ndani kama unahisi mikono inatetemeka. Nyumba zetu ni za wakulima, panga la shamba liko nyuma ya mlango au chini ya kitanda, na mtu mwenye hasira hahitaji kulitafuta. Wewe ndiye wa kuondoka lilipo. Beba mtoto mdogo, nenda kwa mama mdogo, kwa somo wako, kwa jirani mtu mzima. Mwambie mtu mmoja tu, yule anayejua kunyamaza. Shoga anayeanza na "mimi ningekuwa wewe ningemwonyesha" muage mapema, maana huyo anataka sehemu inayofuata ya tamthilia. Kunywa hata uji. Ukishindwa kulala, kaa macho, lakini kaa macho kwa watu.

Kukikucha, tenganisha unachokijua na ulichosikia. Hili kwetu ni zito kuliko kwa watu wa mjini. Mpunga ukianza kutoa masuke, nusu ya nyumba inahamia bondeni. Mama na watoto wanakaa kwenye dungu, mchana wanafukuza ndege, usiku wanasikilizia nguruwe na viboko, na baba kabaki Ikwiriri na bodaboda yake. Nyumba nyingine ni kinyume, baba yuko bondeni, mama kabaki na genge lake stendi. Msimu huo hakuna wiki isiyo na maneno. "Mumeo kaonekana." "Mkeo kaletwa na pikipiki usiku." Anayeleta maneno hayo hakuona kitu, naye aliletewa. Kama ulichonacho ni ujumbe uliousoma kwa macho yako, hilo ni jambo. Kama ni neno lililopita midomo mitatu mpaka likakufikia dunguni, hilo bado halijawa jambo. Usifunge safari ya usiku kuvuka bonde kwa ajili yake.

Na msiende kufumania. Najua mnasema mtu hawezi kukataa akishikwa palepale, lakini fikirieni nani yuko mle chumbani: watu wawili wenye hofu na aibu, wewe una uchungu, na nyuma yako kuna vijana kumi wenye simu wanaotaka kurekodi. Hapo ndipo watu wanapouana bila kukusudia. Hasira za mkizi, tijara kwa mvuvi. Kesho yake wewe unalia, wao wana video. Tena video hiyo ni mtego kwako mwenyewe, kwa kuwa kusambaza picha za ngono ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Aliyesalitiwa anaweza kuwa yeye ndiye wa kwanza kupelekwa kituoni.

Hasira ikipoa kiasi cha kuweza kumaliza sentensi bila kulia, zungumza naye mchana, watoto wakiwa shuleni, akiwa hajalewa. Mwambie ulichokiona na umuulize. Nyamaza umsikilize. Akikiri, usikimbilie kusamehe siku hiyohiyo wala kuvunja ndoa siku hiyohiyo. Iteni wale waliosimamia ndoa yenu, mshenga, wazee wa pande mbili, imamu au mchungaji. Nanyi wazee mnaoitwa kwenye vikao hivi, nawaomba kwa heshima zote: msiwe na haraka ya kumrudisha mwanamke ndani kwa neno "vumilia mwanangu." Muulizeni kwanza kama anaogopa. Akisema anaogopa, hapo hapatafutwi mapatano. Hapo mtoto wenu anatafutiwa mahali salama pa kulala.

Kuna safari nyingine ambayo tamthilia hazituonyeshi, nayo ni ya kwenda kupima. Kituo cha afya kipo hapahapa Ikwiriri. Ukishajua mwenzio ana mtu nje, kapimeni, wote wawili ikiwezekana. Kama mlikutana siku moja au mbili zilizopita na una wasiwasi, wahi, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Usione aibu mbele ya muuguzi. Mkwaju wa redioni alituachia somo hilo miaka thelathini iliyopita.

Tuje kwenye sheria, maana wengi wananiuliza kama mume anaweza kufungwa kwa kuzini. Tanzania Bara uzinzi si kosa la jinai, polisi hawatamkamata kwa hilo. Lakini sheria haijakuacha mikono mitupu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inautaja uzinzi kati ya mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika, na inamruhusu mke au mume kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzake. Ukitaka talaka ya mahakama, shauri linapita kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Waislamu wengi hupitia BAKWATA. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hiyo ndiyo unayokwenda nayo mahakamani, hata Mahakama ya Mwanzo.

Usiambiwe pia kwamba utatoka na kanga zako tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kulea, kufua, na palizi ya shamba lile la bondeni, vyote hivyo vina uzito. Kwa hiyo siku zile za utulivu zitumie vizuri: jua karatasi za kiwanja ziko wapi, piga picha hati na cheti cha ndoa, andika mlichonunua pamoja. Aliyekwenda na panga anakwenda gerezani na kiwanja anakiacha. Aliyekwenda na karatasi anaweza kurudi na haki yake.

Na msidanganyike kwamba mahakama itaelewa hasira yako ikufutie kila kitu. Ni kweli sheria yetu ya adhabu inakubali kwamba mtu anaweza kuchokozwa ghafla akapoteza kujizuia, na hapo kosa linashuka kutoka mauaji ya kukusudia kuwa kuua bila kukusudia. Lakini inauliza: hasira ilipata muda wa kupoa? Mtu aliyesoma ujumbe jioni, akanoa kisu, akapanda bodaboda mpaka mlango wa mtu, atajibu nini? Mauaji ya kukusudia adhabu yake ni kifo. Kuua bila kukusudia kunaweza kukupa hata kifungo cha maisha. Njia zote mbili watoto wanabaki bila mama au baba, au bila wote wawili.

Kaka zangu, nanyi mnaisoma kona hii, najua. Mwanamume aliyesalitiwa hana pa kulilia. Akisema barazani anachekwa, akinyamaza inamla ndani kwa ndani, na marafiki wanamwambia "wewe mwanaume gani?" Swali hilo limetuma watu wengi gerezani. Mwanaume ni yule ambaye wanawe wakiamka kesho wanamkuta. Ukifikwa na hilo, nenda kwa baba yako mdogo, kwa imamu, kwa rafiki mmoja asiye na maneno. Sema, "Nimeumizwa, nisaidie nisifanye kitu." Na wewe unayeambiwa maneno hayo, usicheke. Kaa naye, lala naye nyumba moja, mpokonye pombe, mtoe mbele ya panga.

Kwa wale mnaoishi na vitisho nasema tofauti, kwenu sisemi subirini. Mtu akikuambia "nikikukuta na mtu nitakuua, halafu nijiue," usione kwamba anakupenda sana. Tamthilia zimetuzoesha kuupima upendo kwa ukali wa wivu, na hilo ni moja ya mambo mabaya zaidi tuliyojifunza humo. Anayekukaba shingo, anayekufungia ndani, anayekagua simu yako kila usiku, anayekutajia namna atakavyokuua, huyo mwondokee mapema, tena usimuage. Toka wakati hayupo. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, nenda polisi ukaulizie Dawati la Jinsia na Watoto, na kama umeumizwa chukua fomu ya PF3 utibiwe na ibaki kumbukumbu. Sheria ya Ndoa inasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Huna pesa za kuendesha kesi? Waulize wasaidizi wa kisheria, wengine wanakaa kwenye kata zetu hizihizi.

Halafu kuna wale waliolala mapajani wakati tamthilia inaendelea. Wengine hawajalala, wamefumba macho tu. Wanatusikia tukipiga kelele "mchome." Sehemu ikiisha, zima hata kwa dakika tano, waulize wakubwa: "Yule mama angeweza kufanya nini kingine? Angekwenda kwa nani?" Mtashangaa majibu yao. Mtoto aliyewahi kufikiri swali hilo akiwa na miaka 12, akifikwa na uchungu wa kweli akiwa na miaka 25, atakuwa ameshapita pale mara moja.

Nina kazi moja ya kuwapa wiki hii, kwa walio kwenye ndoa zenye amani. Kaeni wawili, siku mnayoelewana, kila mmoja amtaje mtu wake: "Siku nikikukasirikia mpaka nikaona giza, nitakwenda kwa fulani, na wewe usinifuate mpaka asubuhi." Mwenzako naye amtaje wake. Kisha mpelekeeni taarifa huyo mtu, mwambieni mmemchagua, ili mlango wake ukigongwa saa nane za usiku afungue bila kuuliza maswali. Fanyeni hivyo sasa mnapopendana, kwa sababu siku ya hasira hakuna anayeweza kuchagua vizuri.